Nchi Iliyokataa Kupasuka

Dereva wa basi la Mwanza akifika Sekenke hupunguza mwendo bila kuambiwa. Tangu Singida barabara imekwenda juu ya uwanda wa mawe na vichaka, halafu ukingo unakatika ghafla, kona zinaanza, na mbele yenu, chini kabisa, inajitandaza nchi pana ya rangi ya majivu. Hiyo ndiyo mbuga ya Wembere. Malori yenye shehena hushuka kwa gia nzito, harufu ya breki ikiingia madirishani, na watoto waliolala huamka kwa sababu masikio yameziba. Dakika chache tu mteremko umekwisha. Kisha ni Igunga, Nzega, njiapanda ya Tinde, na kwa anayekwenda Shinyanga mjini, kazi ya safari imekwisha.

Nimeshuka Sekenke tangu nikiwa mwanafunzi wa bweni, na kwa miaka mingi nilidhani ni kona mbaya tu, za kuombea dua na kuzisahau. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba pale basi linateremka ukuta wa Bonde la Ufa, ufa uleule unaotoka Ethiopia, ukaikata Kenya, ukaingia Tanzania kwa Ziwa Natron. Nilijua na jambo la pili, lililonishangaza zaidi: kwamba ufa ule ukifika huku unafifia. Kaskazini mwa Tanzania unatawanyika kama ncha ya kamba iliyofumuka. Uzi mmoja unaelekea Pangani, mwingine unapita Manyara, wa tatu unashika Eyasi na kuja kufia Wembere. Nguvu iliyochana Ethiopia na Kenya inafika mlangoni pa Usukuma na Unyamwezi na kuishiwa. Kuna kitu kimeizuia.

Kitu hicho ndicho tunachokikanyaga Shinyanga.

Kwenye ramani ya ukutani shuleni, Shinyanga ni mahali pa rangi moja. Ardhi iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, lakini imelala. Kuna vilima vya mawe vilivyotapakaa huku na huko, ambavyo Msukuma huviita lugulu, navyo ukivipanda nusu saa umefika kileleni. Mwalimu akisema tutaje milima, tulitaja ya wenzetu: Kilimanjaro, Meru, Rungwe, Uluguru. Hatukuwa na wetu wa kutaja. Lakini hebu itazame ramani ileile kwa namna nyingine. Mashariki kuna Kilimanjaro, Meru na milima ya Ngorongoro. Magharibi kuna Virunga na Rwenzori. Kusini kuna Rungwe. Milima yote hiyo na nyufa zake zimekaa pembeni, zimeizunguka nchi hii ya katikati kama watu waliokaa kuzunguka mkeka, na hakuna aliyethubutu kuukanyaga. Anayetaka kujua kwa nini milima mirefu ya Afrika Mashariki imekaa pale ilipokaa, aanzie hapa pasipo na mlima.

Wanajiolojia wanaliita pande hili Kratoni ya Tanzania. Ni kipande cha ganda la dunia kilichokomaa zamani kupita kiasi, kinachoanzia Dodoma na Singida, kikashika Tabora, Shinyanga, Geita, Mwanza na Mara, kikavuka mpaka hadi Migori na Kakamega huko Kenya na kusini mashariki mwa Uganda. Miamba yake mingi ina umri kati ya miaka bilioni 2.5 na bilioni 2.8. Hesabu hiyo haiingii akilini kwa urahisi, kwa hiyo ni heri kushika jiwe.

Mawe ya kushika yako Geita. Kule vilima vingi vimejengwa kwa mwamba wa chuma wenye mistari. Ukiupasua na kuumwagia maji unaona kurasa: mstari mweusi, mstari mwekundu, mstari wa kijivu, mingine myembamba kama uzi, mingine minene kama kidole, na pengine yote imekunjwa pamoja kama kitenge kilichofinyangwa mkononi. Sogeza sumaku kwenye mistari myeusi nayo inanasa. Ukibeba dira juu ya vilima hivyo, sindano yake inaweza kukudanganya kaskazini ni wapi.

Kurasa hizo ziliandikwa chini ya bahari. Wakati huo hapakuwa na mti, wala mnyama, na hewa haikuwa na oksijeni ya kuvuta. Kwa kukosa oksijeni, chuma kiliyeyuka katika maji ya bahari kama chumvi inavyoyeyuka leo, kisha kikawa kinatua taratibu sakafuni pamoja na vumbi laini la silika, tabaka juu ya tabaka. Kando yake volkano za chini ya maji zilimwaga lava iliyoganda ikawa basalti ya kijani kibichi. Kwa hiyo mtu wa Geita anayelima mahindi kando ya kilima anapiga jembe juu ya sakafu ya bahari, mamia ya kilometa kutoka Dar es Salaam.

Sakafu hiyo ilifikaje huku juu? Leo tunajua kwamba ganda la dunia limegawanyika katika mabamba yanayosogea, yakigongana, yakipandana na kuachana, na kwamba bamba la bahari likikutana na la nchi kavu huzama chini yake na kuacha vipande ukingoni. Kama mabamba yalifanya kazi kwa namna hii hii miaka bilioni 2.7 iliyopita, wataalamu bado wanavutana, maana dunia ya wakati huo ilikuwa na joto kali zaidi ndani yake. Lakini mikunjo ya Geita haina ubishi. Sakafu ile ilisukumwa, ikakunjwa, ikasimamishwa wima mahali pengine, kisha uji wa moto wa matale ukapanda kutoka chini ukaizunguka na kuganda. Matale hayo ndiyo yaliyouunganisha mkeka mzima. Ukiyaona majabali ya Mwanza yaliyobebana juu ya maji, au vilima vya mawe kandokando ya barabara ya Shinyanga, unaona gundi.

Ndani ya mikunjo ile ndimo ilimoingia dhahabu.

Jinsi ilivyoingia ni habari nzuri, na nasikitika kwamba wengi waliokulia juu yake hawakupata kuisimuliwa. Ganda la nchi lilipokuwa likibanwa, maji ya moto kutoka kina kirefu yalipanda kupitia nyufa. Maji hayo yalibeba dhahabu kidogo sana, iliyoshikana na salfa. Yalipofika kwenye mwamba wa chuma, salfa iliiacha dhahabu ikaenda kushikana na chuma, wakazaa yale madini ya manjano yanayong'aa na kumdanganya mgeni. Dhahabu, baada ya kuachwa na mwenzake, haikuwa na wa kuibeba tena, ikatua palepale. Ndiyo maana Geita dhahabu nyingi inakaa mahali ambapo ufa umekata mwamba wa chuma. Kwingine, kama Bulyanhulu upande wa Kahama, iliganda pamoja na mawe meupe ya kwatsi katika mwamba mwembamba uliosimama karibu wima na kuzama zaidi ya kilometa moja.

Mchimbaji mdogo anayajua haya kwa mikono. Akiwa ndani ya duara, yaani shimo lake, chini ya matimba aliyoyapanga ili udongo usimwangukie, hana haja na mabilioni ya miaka. Swali lake ni mwamba unaelekea wapi. Anajua kwamba mwamba unaweza kulala, unaweza kusimama, na kwamba kuna siku anaufuata vizuri kisha mbele yake panakuwa jiwe tupu: mwamba umekatika. Hapo wenye uzoefu hawakati tamaa. Wanatafuta upande ulikosogea, hatua kadhaa kushoto au kulia, juu au chini. Kumbe anachokitafuta ni unyayo wa tetemeko la ardhi lililopita kabla ya kuwapo kiumbe chenye macho. Kisha mawe yanakwenda kwenye karasha, unga unakwenda mwaloni kuoshwa, na zebaki inanasa dhahabu, kazi ile inayowadhuru vijana wetu kimyakimya.

Watu wa nchi hii waliyasoma mawe kabla ya mzungu kuja na nyundo yake. Katika Uzinza, upande wa kusini magharibi wa ziwa, Warongo waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa Usukuma na Unyamwezi, majembe yaliyolipiwa mahari na kununulia ng'ombe. Wajerumani waliiona dhahabu ya Geita mwishoni mwa karne ya 19, lakini mgodi mkubwa ulisimama chini ya Waingereza katika miaka ya 1930, ukafanya kazi hadi 1966, ukafungwa. Vilima vikakaa kimya kwa mashine kubwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka mgodi mpya ulipofunguliwa mwaka 2000. Bulyanhulu wachimbaji wadogo waliondolewa Agosti 1996, na jeraha la siku zile halijapona kwa waliokuwepo. Uzalishaji wa mgodi mkubwa ulianza mwaka 2001. Geita ukawa mkoa mwaka 2012. Historia hii ya watu ingejaza makala nyingine, na inastahili.

Lakini siwezi kuiacha Sekenke bila kuitaja tena. Pale kwenye ule mteremko wa mabasi Wajerumani walifungua mgodi wa dhahabu mwaka 1909. Vita Kuu ya Kwanza ilipowakatia njia ya bahari, wakaishiwa fedha za kulipia, na mwaka 1916 huko Tabora wakapiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke. Upande mmoja wake kuna tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake mlima, unaoelezwa kuwa Kilimanjaro. Kila ninapoiona picha ya sarafu ile nafikiria umri wa vitu hivyo viwili. Kilimanjaro ulianza kujengwa miaka milioni 2.5 hivi iliyopita. Dhahabu ile ilitua mwambani katika zama za miaka bilioni 2.6. Mlima umechorwa juu ya kitu kinachouzidi umri takriban mara elfu moja. Mfanyakazi aliyegonga muhuri wa sarafu zile kwenye karakana aliwakutanisha mtoto na babu kwenye kiganja kimoja, naye hakujua.

Baada ya kuungana, mkeka wetu ulipigwa pande zote na haukuchanika. Yapata miaka bilioni 2 iliyopita mabamba mengine yaligongana nao kusini mashariki na kusini magharibi, yakainua milima huko Usagara na Ubendi. Mawe yaliyozamishwa kina kirefu kisha yakarudi juu bado yapo kama ushahidi. Kisha, kama miaka milioni 600 iliyopita, ukaja mgongano mkubwa zaidi upande wa mashariki, nchi mbili zikakutana kuanzia Msumbiji hadi Ethiopia na kunyanyua safu ya milima ambayo huenda ilishindana na Himalaya. Mvua na upepo viliisaga yote. Milima ya leo ya Uluguru na Usambara imechongwa katika mizizi ya safu ile, baada ya vipande kunyanyuliwa upya na nyufa za baadaye. Katika mapigano hayo yote nchi ya Shinyanga ilikuwa ukuta unaogongwa. Waliopanda juu na kuporomoka ni majirani.

Halafu ukaja ufa.

Chini ya Afrika Mashariki kuna joto linalopanda kutoka vilindini. Limeinua bara zima upande huu, ndiyo sababu Shinyanga, ingawa ni bapa, iko juu zaidi ya kilometa moja. Joto hilo lililainisha ganda, na bara likaanza kuvutika, sehemu ya mashariki ikijitenga na ya magharibi. John Walter Gregory, Mwingereza aliyetembelea Kenya mwaka 1893, ndiye aliyelipa bonde hilo jina la Kizungu ambalo sisi tuliligeuza kuwa Bonde la Ufa. Aliliona bonde, lakini kwa nini linagawanyika mikono miwili likikaribia Ziwa Victoria, hakuwa na chombo cha kumwonyesha.

Chombo kilikuja baadaye. Mwaka 1994 na 1995 vituo vya kusikiliza mitetemo vilitandazwa katika Tanzania. Matetemeko ya mbali, hata ya ng'ambo ya bahari, hutuma mawimbi yanayopita chini ya miguu yetu. Yakipita kwenye mwamba baridi na mgumu yanakimbia, yakipita kwenye mwamba moto yanazembea. Chini ya Tabora na Shinyanga yalikimbia. Yalikimbia hadi kina cha kilometa 150 na zaidi, kwingine kikikaribia 200. Kando, chini ya mikono ya ufa, yalizembea. Maana yake ni kwamba mkeka huu si mkeka hata kidogo. Ni gogo. Una shina refu lililozama chini, baridi na gumu, na joto linalopanda kutoka vilindini likilifikia linapinda na kupitia pembeni. Ufa ukafuata joto. Mkono mmoja ukapita mashariki, ukazaa Kilimanjaro na Oldoinyo Lengai. Mwingine ukapita magharibi, ukachimba Ziwa Tanganyika lenye kina cha mita 1,470, ukainua Rwenzori hadi mita 5,109. Rwenzori si volkano. Ni kipande cha mwamba wa kale kilichosukumwa juu ufa ulipokuwa ukifunguka kando yake.

Gogo lenyewe halikai kimya. Vipimo vya setilaiti vinaonyesha kwamba pande hili, pamoja na Ziwa Victoria juu yake, linajizungusha polepole kinyume cha mwendo wa saa, wakati mabamba makubwa yanayolizunguka yanakwenda njia nyingine. Ni kama kigoda kinachovutwa pembe mbili zinazokabiliana na watu wawili wanaokwenda pande tofauti: hakimfuati yeyote, kinageuka. Mwendo wa kuachana ni milimita chache kwa mwaka. Tangu reli ya kutoka Tabora kupitia Shinyanga hadi Mwanza ilipofunguliwa mwaka 1928, nchi ya mashariki ya ufa imejitenga na hii yetu kwa shibiri moja au mbili tu. Treni imepita miaka yote hiyo juu ya pande moja lisilokatika.

Na ziwa je? Victoria ni mtoto wa mabega mawili. Mkono wa magharibi wa ufa ulipoinuka kingo, mito iliyokuwa ikitiririka kwenda Kongo, Kagera ikiwamo, ilizuiwa na kugeuzwa. Maji yakarudi nyuma yakajaa kwenye bakuli pana lisilo na kina, katikati ya mabega ya mashariki na magharibi. Ndiyo maana ziwa kubwa kuliko yote Afrika halifiki mita 90 kwenda chini. Tanganyika ni ufa uliojaa maji. Victoria ni sahani iliyonyeshewa. Sahani hukauka upesi: kama miaka 15,000 iliyopita ziwa hili lilikauka, likawa nyasi.

Tusidhani lakini kwamba ugumu wa gogo ni hirizi. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, watu wasiopungua 17 wakapoteza maisha, nyumba za matofali ya udongo za Bukoba na vijijini zikaanguka juu ya wenyewe. Nyufa zikiwa mbali, nyumba mbovu iko karibu.

Shina lile refu lilitupa pia almasi. Almasi haizaliwi popote. Inahitaji kaboni ibanwe kwenye kina cha kilometa 150 au zaidi, mahali penye mgandamizo mkubwa lakini joto lisilo kali mno. Mahali kama hapo hupatikana chini ya kratoni nene za kale, na kwingine ni nadra kupatikana. Kilimanjaro hauwezi kutoa almasi hata ukilipuka mara mia, kwa kuwa chini yake hakuna shina. Shinyanga inalo. Kilichobaki ni usafiri wa kuileta juu, nao ni volkano ya aina ya pekee, kimbalaiti, inayofyatuka kutoka vilindini na kufika juu kwa saa au siku chache, ikiwa imebeba vipande vya njia nzima.

Volkano ya namna hiyo ilifyatuka Mwadui zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita. Iliacha bomba lenye eneo la hekta 146 juu ya ardhi, mojawapo ya mabomba makubwa kabisa ya almasi yaliyowahi kuchimbwa duniani. Mlipuko ulipotulia, kreta ilijaa maji ikawa ziwa dogo, na matope ya ziwa lile bado yamo ndani ya bomba hadi leo. Tulia kidogo hapo. Matope laini, ambayo mvua za miaka michache zingeweza kuyakwangua, yamekaa miaka milioni 50 bila kuondolewa. Huo ndio utulivu wa nchi hii. Huko Mahenge, Singida, ziwa jingine la kreta ya kimbalaiti lilihifadhi samaki, vyura na hata popo wa zama hizo, mifupa yao ikiwa imebanwa katikati ya mawe membamba kama majani yaliyowekwa ndani ya kitabu.

Mwadui uligunduliwa mwaka 1940 na John Thoburn Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, akisaidiwa kwa fedha na sheria na wakili I. C. Chopra wa Mwanza. Mwaka 1947 lilitoka pale jiwe la waridi la karati 54.5. Lilizawadiwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza alipoolewa, kabla hajawa malkia, likachongwa hadi karati 23.6. Williamson alifariki mwaka 1958. Sisi tuliokulia jirani tuliusikia mgodi kama habari za uzio na walinzi. Ningependa watoto wa leo wa Maganzo, jirani na mgodi, wausikie pia kama mahali ambapo dunia ilileta juu barua kutoka kilometa 150 chini.

Na barua hizo hazikukoma zamani sana. Vilima vya Igwisi, mkoani Tabora, ni volkano ndogo za aina hiyohiyo, zenye kreta na lava inayoonekana, nazo zililipuka takriban miaka 12,000 iliyopita, watu wakiwa wameshaenea Afrika nzima. Hakuna kimbalaiti changa kuliko hizo inayojulikana duniani.

Utulivu mrefu ndio uliotengeneza sura tunayoiona barabarani. Nchi isiyonyanyuliwa kwa mikunjo inasagwa hadi inakuwa bapa. Matale hupasuka kwa mistari iliyonyooka, maji ya chini yanaingia kwenye mistari na kuozesha mwamba ukiwa bado udongoni, kisha udongo unasombwa na vibonge vigumu vinabaki vimebebana. Hivyo ndivyo lugulu unavyozaliwa: haujainuka, umeachwa.

Kutoka kwenye lugulu mkulima wa Kisukuma anajua kila hatua. Chini ya mawe kuna luseni, mchanga mwepesi uliotokana na matale, wa mihogo na karanga. Ukishuka kuna itogolo, kisha ibambasi gumu kama sakafu, na mwisho kabisa mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi hadi mguu wa ndama unazama, na masika unanasa viatu mpaka mtu avivue. Kwenye miteremko ya chini ndiko watu walikopiga matuta ya majaluba na kulima mpunga. Katika miaka ya 1930, Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, Usambara, aliuona mpangilio huu ukijirudia kilima kwa kilima katika Afrika Mashariki, akaupa jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Jina hilo sasa linafundishwa katika vyuo vya dunia nzima. Mnyororo wenyewe ulikuwa na majina ya Kisukuma, pete kwa pete, kabla yake.

Katika nchi bapa hivi, mwinamo mdogo sana ndio unaoamua. Mvua inayonyesha juu ya mkoa wa Shinyanga na Geita inagawanyika njia tatu. Ya kaskazini inakwenda Ziwa Victoria, kisha Nile, kisha Bahari ya Mediterania. Ya magharibi, kupitia Kigosi na Moyowosi, inaingia Malagarasi, Tanganyika, Kongo, na kuishia Atlantiki. Ya kusini inaingia mto Manonga, inamwagwa Wembere na Ziwa Kitangiri, inasogea kuelekea Eyasi, na huko haina pa kutokea, jua linaimaliza. Mawingu mamoja ya Desemba, bahari mbili na ziwa moja la chumvi.

Bonde la Manonga halikuwa kavu siku zote. Kati ya miaka milioni 6 na milioni 4 iliyopita, ufa ulipokuwa ukijaribu kuingia, ardhi ilididimia kidogo na ziwa likatanda kutoka pande za Tinde hadi Igunga. Katika miaka ya 1990 msafara ulioongozwa na Terry Harrison ulikusanya huko mifupa ya viboko, tembo wa kale, mamba na samaki. Vipande vya mifupa hiyo hutoka kwenye makorongo kila mvua inapokata ukingo, vya kahawia, vizito mkononi kuliko mfupa unavyopaswa kuwa.

Nilipita Tinde mwezi wa kiangazi. Kando ya barabara kulikuwa na kioski cha maji, foleni ya ndoo za njano, na mama mmoja aliyefunga kanga kiunoni akigombana taratibu na kijana aliyeruka zamu. Maji yale yanavutwa kutoka Ziwa Victoria, pale Ihelele wilayani Misungwi, yanasukumwa kwa pampu hadi Kahama na Shinyanga, na baadaye bomba likasogezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Yanapanda bega ambalo mito haiwezi kulipanda, yanavuka mgawanyo wa maji, na kushuka upande wa Manonga. Kijana alirudi nyuma ya foleni. Mama akafungua koki, na maji yakaanza kujaza ndoo juu ya ardhi iliyokuwa sakafu ya ziwa.